Kontena la Kijani la Yaya Nsimire

Nyinyi vijana wa Bagira mna swali moja ambalo hamchoki kuniuliza tukitoka misa ya Jumapili: "Papa Cirhuza, kule ku meli ulikuwa unafanyaka nini?" Na mmeshagundua kwamba kila mara nawajibu kitu tofauti. Msidhani nawadanganya. Miaka mingi ya Zaïre niliimaliza kwenye meli kubwa ya makontena, nikala chakula chake, nikapaka rangi karibu kila chuma chake, kisha nikashuka nikiwa bado sijaielewa. Leo nitajaribu kuwaeleza vizuri. Nikipotea katikati mnivumilie, maana hata wakati ule nilikuwa nimepotea.

Kazi ya maji nilianzia hapahapa ziwani, kwenye boti ya mizigo iliyotoka Bukavu ikapitia Idjwi mpaka Goma. Nilikuwa komvoyeri, yaani mtu anayesafiri na mali ya watu hadi ifike. Kazi hiyo naweza kuwaeleza hata nikiwa na usingizi. Unaujua mzigo kwa sura, unamjua na mwenyewe kwa sura, halafu unakaa juu ya mzigo. Kama ni maharagwe, unakaa juu ya maharagwe. Kama ni magodoro, siku hiyo Mungu amekukumbuka. Mtu akivuta gunia lako, unamvuta yeye. Na kitu kikianguka majini, hata kama ni kuku, boti nzima inapiga kelele, kapiteni anageuza, tunakiokota. Mizigo ilifika, na mwenyewe akinikuta bado nimeikalia alijua nimefanya kazi.

Baadaye tonton wangu, yaani mjomba, aliyekuwa bandarini Matadi aliniita, nikapata nafasi kwenye meli ndogo ya Wazungu. Kutoka hiyo nikahamia nyingine, na mwisho nikajikuta Anvers, kule Ubelgiji, nimesimama na sanduku langu mbele ya ukuta mrefu wa chuma cheusi. Nikamuuliza mtu aliyenileta, meli iko wapi? Akanionyesha ukuta. Nilitazama kushoto, nikatazama kulia, sikuuona mwisho wake. Nikapanda ngazi tu kwa sababu wengine walikuwa wanapanda.

Kitu cha kwanza kilichonichanganya humo ndani ni kukosa watu. Boti yetu ya ziwani ilikuwa na kina mama, watoto, askari asiyetaka kulipa, mchungaji anayehubiri, na mlevi mmoja wa kudumu. Meli hii iliyoweza kuubeba mji ilikuwa na watu wachache tu, wa kutosha meza chache za chakula. Mgiriki, Mfilipino, Mreno, na mimi Mushi wa Bukavu. Kila mmoja alikuwa na Kifaransa chake, na hakuna aliyekielewa cha mwenzake. Mizigo ilikuwa imefungwa kwenye masanduku ya chuma yaliyofanana, yamepangwa juu ya mengine kama ghorofa. Niliuliza mna nini ndani. Nikajibiwa kwamba hiyo si kazi yetu. Ya nani? Pia haikuwa kazi yetu kujua.

Aliyeniokoa ni Papa Kitenge, bosko wetu, ndiye mkubwa wa mabaharia wanaofanya kazi juu ya sitaha. Yeye alikuwa mtu wa Kalemie, amekulia kwenye ziwa la Tanganyika, kwa hiyo Kiswahili chetu kilikutana. Alikuwa mfupi, mkali, na alipenda kuvaa kofia ya sufu hata kwenye joto la Djibouti. Alinifundisha kwamba kila kontena lina kufuli ya chuma kwenye kila pembe, inayolishika na lile la chini yake, na kwamba kufuli hiyo usiiamini kwa macho. Uiguse. Ukiwa na glavu, vua, uiguse tena. Alinifundisha kukaza vile vyuma virefu vinavyofunga makontena kwenye sitaha, nusu asubuhi na nusu baada ya chakula, kwa sababu chuma kinacholegea hakikuiti. Na kutu. Watoto wangu, kazi ya baharia wa meli kubwa ni kutu. Unaipiga nyundo, unaikwangua, unapaka rangi, ukifika mwisho wa meli unakuta ulikoanzia kumeshika kutu tena.

Siku moja meli ilikuwa inayumba polepole, inalala upande huu, inapumzika, ndipo inarudi. Nilifurahi sana. Ziwani boti ikiyumba hivyo watoto wananyamaza. Nikamwambia Papa Kitenge, "Leo mambo iko muzuri."

Akanikazia macho. "Iko muzuri wapi? Meli yenye iko na afya inarudiaka mbio. Hii inalala, kisha inafikiri kwanza kama irudi."

Kumbe uzito wa juu ulikuwa umeushinda wa chini. Maofisa walishaona, wakajaza maji kwenye matangi ya chini kabisa. Baada ya muda meli ikaanza kurudi kwa nguvu, ikawa inaturusha huku na huku, sahani zikapasuka, mimi nikatapika ndani ya kiatu changu, na watu wote wakawa na furaha. Niambieni nyinyi mliosoma, mtu wa ziwani ataelewaje hapo? Nilikuwa natapika, nao wananipigapiga mgongoni wakicheka kwamba sasa tuko salama.

Sasa nije kwa yaya Nsimire, maana bila yeye ningekuwa mtu wa kupaka rangi tu.

Huyu ni dada yangu mkubwa, mjane, aliyekaa Walungu. Wakati ule kina mama wa kijiji chake walitwanga muhogo kwa mikono, au walibeba vikapu mgongoni kwenda kutafuta mashine mbali, wakarudi na unga jua limeshapotea. Bega la kulia la yaya lilikuwa limeharibika kwa kutwanga, hakuweza kuliinua kujifunga kitambaa. Yeye na kina mama wenzake wa parokia wakaamua kutafuta mashine yao wenyewe, yenye injini ya mazutu, yaani dizeli. Kila mmoja alitoa alichokuwa nacho. Yaya alimtoa ng'ombe wake. Nyinyi mnajua kwetu Bushi maana ya mjane kumtoa ng'ombe aliyebaki. Majirani walisema amerukwa na akili.

Padri mmoja aliwasaidia kupata mashine Ubelgiji, nayo ikakubaliwa kuingia kwenye kontena la mfanyabiashara wa Bukavu, itoke Anvers hadi Mombasa, halafu barabara mpaka kwetu. Nilikuwa nyumbani kwa likizo yaya alipoambiwa jina la meli. Ilikuwa meli yangu. Alinishika mikono yote miwili.

"Mudogo wangu, Mungu njo alikuweka pale. Utaniangalilia ile mashini?"

"Yaya, usiogope. Nitafika nayo."

Nilisema hivyo nikiwa na maana yake kamili. Ndiyo kazi niliyoijua.

Anvers niliomba ruhusa nikaenda kuona kontena likifungwa. Mashine ilikuwa ndani ya fremu ya mbao, imewekwa kwenye kona ya nyuma, imezungukwa na matairi na robota za vitenge za yule mfanyabiashara. Nililitazama kontena vizuri: kijani, limechakaa, na kwenye mlango wa kushoto lilikuwa na kiraka cha bati kilichochomelewa. Karani alikuwa anaandika namba zake, mimi nikawa nakariri kile kiraka. Likapakiwa juu ya sitaha, karibu na vyumba vyetu, na kila asubuhi nilipita kulisalimia kwa Kimashi, lugha ya nyumbani. Kufuli zake nilizigusa kabla ya zingine. Vyuma vyake nilivikaza mpaka Papa Kitenge akaniuliza kama nataka kulikata vipande.

Tulipofika Marseille, mambo yakageuka. Ilikuwa mchana kweupe, bandari imejaa kelele za mitambo, nikapewa amri ya kufungua kufuli za safu ileile ya kontena langu. Nikadhani nimesikia vibaya. Kisha nikaona winchi kubwa ya bandarini imeshusha mikono yake juu ya kontena langu. Kontena la Mombasa, linashushwa Marseille! Sikufungua kufuli. Nilipanda juu yake nikakaa.

Nilikaa kabisa, miguu mbele, kama juu ya maharagwe. Winchi ikabaki inaning'inia hewani. Wafanyakazi wa bandari wakapiga miluzi, mmoja akavua kofia akajipepea nayo. Papa Kitenge akaja mbio na kofia yake ya sufu.

"Cirhuza, shuka!"

"Papa, banaiba! Hii kontena inaenda Mombasa!"

"Hakuna mwizi. Banaitoa sababu ya kufikia ile iko chini yake. Kisha banairudisha."

"Banairudisha?"

"Banairudisha."

"Kama banairudisha, sababu ya nini banaitoa?"

 Nadhani hata yeye hapo alijiuliza. Kisha akanivuta mguu.

Walilishusha hadi chini, nami nikashuka nalo. Nilikimbia ngazi nikaenda kusimama kando yake bandarini, mkono wangu kwenye kile kiraka, huku magari marefu ya kubebea makontena yakinipitia karibu na madereva wakinitukana. Ni mahali ambapo mtu haruhusiwi kusimama, na baadaye nilielewa kwa nini, maana madereva wa yale magari hawaoni chini. Walinzi wawili wakanichukua, wakanirudisha ndani, na nilipokuwa ndani, kontena likapandishwa. Mahali lilipowekwa sikupaona.

Ofisa wa mizigo, kijana Mgiriki mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, alinikalisha mbele yake. Hakupiga kelele. Alitaka kweli kuelewa. Nikamweleza kwa Kifaransa changu: dada yangu, bega lake, muhogo, ng'ombe. Uso wake ukabadilika.

"Ndani ya kontena kuna ng'ombe?"

"Hapana, ng'ombe ametoka."

"Ametoka akaenda wapi?"

Tulikwenda hivyo mpaka jasho likamtoka. Mwishowe akaniadhibu kwa kile alichokielewa, yaani kuichelewesha meli: nisishuke kwenye bandari yoyote hadi mkataba wangu uishe, na nikapige kutu kule mbele penye nanga. Sikumchukia. Mimi mwenyewe ningekuwa yeye ningefanya zaidi.

Tangu siku hiyo nililitafuta kontena langu. Nilipita kila safu ya sitaha nilipoweza, nikitafuta kiraka. Makontena ya kijani yalikuwa mengi kupita kiasi, na mengi yameelekeza milango yake mahali ambapo mtu hawezi kuchungulia. Huenda lilikuwa limeshuka shimoni, chini ya vifuniko vya chuma. Huenda lilikuwa juu kabisa. Nikamwendea Papa Kitenge, nikamwomba amuulize ofisa.

"Muzuri. Namba yake?"

"Namba siijue. Ninajua sura yake."

Papa Kitenge alivua kofia. Sikuwahi kukiona kichwa chake kabla ya hapo, kilikuwa na upara safi. "Cirhuza," akasema taratibu, "hapa hakuna sura."

Tulipita Suez, tukapita Bahari ya Shamu, saa za meli zikawa zinasogezwa mbele hata nikala chakula cha asubuhi nikidhani ni cha jana. Upande wa Somalia tulikutana na bahari ya majira mabaya, mawimbi yanayotoka upande mmoja bila kuchoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na wengine, hakuna anayeruhusiwa kwenda nje. Nikasikia mlio wa chuma kinachopasuka, kisha safu ya nyuma ikainama, na makontena kadhaa yakaingia majini. Yalielea, watoto wangu. Hilo sikulitegemea. Yalielea nyuma yetu yakiinuka na kushuka, mekundu, meupe, na moja la kijani.

Nikapiga kelele. Nikapiga kama tulivyopiga ziwani, kwa nguvu zangu zote, "Geuza! Geuza! Kitu kimeanguka!" Nikangoja wengine wapokee. Mfilipino mmoja alinishika bega. Meli iliendelea. Baadaye Papa Kitenge alinieleza kwamba meli ya ukubwa ule kuigeuza kwenye bahari ile ni kuiua, na kwamba hata ikigeuka haina cha kuokotea. Nilisikia maneno yake, lakini miguu yangu ilikuwa bado inangoja meli igeuke. Nililitazama lile la kijani mpaka likawa dogo kisha sikuliona tena. Nilijifungia chooni nikalia. Nililia kwa ajili ya bega la yaya na ng'ombe wake, na pia kwa sababu sikujua kama ninalia kwa haki. Huenda lile lilikuwa la mtu mwingine kabisa, limejaa viatu.

Mombasa tulikaa muda mfupi mno. Zamani nilidhani meli kubwa hukaa bandarini wiki nzima, watu wakapumzika. Meli ya makontena haipumziki, inafika, inanyang'anywa, inapakiwa, inafukuzwa. Mimi nilikuwa mbele penye nanga na nyundo yangu ya kutu, nimekatazwa kushuka. Kwa mbali niliona masanduku yanapaa na kuwekwa juu ya malori, mengine ya kijani, milango imegeukia mji. Nilijinyoosha mpaka shingo ikauma. Kabla sijamaliza kipande changu cha kutu, kamba zikafunguliwa, na Mombasa ikaanza kurudi nyuma.

Sikutuma habari nyumbani. Ningetuma nini? Niseme imefika? Niseme imezama? Kila bandari nilikusudia kumtafuta mtu wa kupeleka ujumbe, nikakumbuka siruhusiwi kushuka, na kwa kweli nikashukuru kukatazwa. Nilipokuwa nakaza vyuma nilikuwa namwona yaya anatwanga kwa mkono wa kushoto.

Mkataba ulipoisha nilirudi. Ndege ilitua Kavumu, nikapita mjini bila hata kuja hapa Bagira kuweka sanduku, nikapanda gari la kwenda Walungu. Njiani nilipanga maneno. Nilipanga kumwambia kwamba bahari haigeuki. Nikaona hayo si maneno ya kumwambia mtu aliyetoa ng'ombe wake. Nikapanga mengine, gari likaruka shimo, nikayasahau.

Ilikuwa siku ya soko. Kabla sijafika kwa yaya nikasikia injini. Nikadhani ni lori limekwama mahali. Nikasogea, nikaona foleni ya kina mama na vikapu vyao, na mbele ya foleni kibanda cha mabati, na kutoka kwenye kibanda anatoka dada yangu, mweupe kwa unga tangu kichwani hadi miguuni, ameinua mkono mmoja kunipungia. Ulikuwa wa kushoto, lakini alikuwa anacheka.  Nilikaa chini palepale kwenye vumbi na sanduku langu, nikalia mbele ya watu wote.

"Unalia nini, mudogo wangu? Iko inasaga! Sikia!"

Aliniinua, akanipeleka ndani kwenye kelele, akanionyesha mkanda, injini, mdomo wa kumwagia. Fremu ya mbao walishaifanya kiti. Akanieleza ilivyofika, na kila mama aliyekuwepo akaongeza kipande chake. Lori lilikuja na kontena zima, limeshaacha mali ya mfanyabiashara Bukavu. Mvua ilinyesha, lori likazama kwenye matope kabla ya soko. Dereva aliitwa Byamungu, mtu wa Kadutu. Hakukimbia. Alilala barabarani na lori, na kulipokucha kina mama walileta kamba, mbao, majani ya migomba, wakavuta wakiimba mpaka likatoka. Walimchinjia mbuzi. Binti mmoja wa kijiji alijifungua wiki hiyo, mtoto akaitwa Byamungu.

Na Byamungu mwenyewe alikuwepo siku hiyo, amekaa kwenye ile fremu ya mbao, maana kila akipita huja kupewa unga. Alikuwa mtu wa adabu. Alinisogezea nafasi, akanipa mkono.

"Byamungu, huyu njo mudogo wangu," yaya akasema. "Anafanyaka ku meli."

"Ku meli ya wapi, papa?"

"Ya makontena," nikamwambia. "Ile yenye ilileta hii mashini mpaka Mombasa."

Akafikiri. Niliona kabisa kwamba hataki kuniaibisha. "Hapana, papa," akasema. "Hii mi niliichukua palepale Mombasa. Nilikuta iko pale chini, kwa baraza ya bandari."

 Nilitaka nianze na Anvers, nikaona nianze na Marseille, nikakumbuka lile la kijani lililobaki Somalia, ambalo mpaka leo sijui lilikuwa na nini wala la nani, nikashindwa kupata mahali pa kushika. Kina mama walikuwa wananingoja. Yaya akaniwekea mkono wake wenye unga kwenye goti.

"Njo yeye aliileta," akaniambia polepole, kama unavyomweleza mtu aliyechoka na safari. "Siye bote tulimuona."

Kisha akamimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akampa Byamungu kwanza, akanipa mimi. Nilipokea kwa mikono miwili, nikageuka nikamshukuru Byamungu kwa kutuletea mashine.